C200 Kompressor: gari inayotaka resi

Kuna lawama moja ninayoisikia kila ninapotaja gari yangu, Mercedes-Benz C200 Kompressor ya umbo la W204 (namba ya kiwandani ya kizazi chake): "Nyuma imeandikwa Kompressor, lakini ukikanyaga hamna kitu." Ukimdodosa anayesema hivyo utagundua kwamba aliiazima siku moja kutoka Mwenge hadi Posta, kwenye foleni, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika, yaani resi, ukicheza kati ya 1,500 na 2,000. Kwa mwendo huo ana haki ya kulalamika. Ila alichokijaribu ni viti na kiyoyozi, injini hajaijaribu bado.

Mimi naitumia zaidi nje ya mji. Kazi yangu inanipeleka Iringa na Mbeya mara kwa mara, na barabara ile ina kila kitu cha kuipima injini: tambarare ya Morogoro, matuta na wanyama wa Mikumi, joto la Ruaha Mbuyuni, kisha mlima Kitonga ambao malori ya kwenda Zambia na Kongo huupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Haya ninayoandika yametoka huko, pamoja na yale niliyoyachimba mwenyewe baada ya kutaka kujua kwa nini gari hii inakuwa mpole chini na mkali juu.

Tuanze na namba za kiwandani, kwa sababu siri yote imo humo. Injini ni M271, silinda nne, cc 1,796, yenye supachaja, yaani mashine ya kuisukumia injini hewa, ambayo Mercedes huiita Kompressor. Inatoa nguvu farasi 184 ikifika mizunguko 5,500 kwa dakika. Torki yake ya juu ni Nm (nyutoni mita) 250, na haipo sehemu moja tu: inaanzia mizunguko 2,800 na kubaki palepale hadi 5,000. Watu wengi husoma farasi 184 wakaishia hapo. Mstari wa kusoma ni huo wa pili.

Torki ni ile nguvu ya kuusokota mhimili wa injini. Nguvu farasi ni torki hiyo mara idadi ya mizunguko, ikigawanywa kwa namba isiyobadilika. Fikiria mtu anayetwanga kwenye kinu. Uzito anaoushushia mchi kila pigo ndio torki. Akiwa na pigo lilelile, lakini akaongeza mapigo kwa dakika, mahindi yanaisha haraka zaidi ingawa mkono wake haujawa na nguvu kuliko mwanzo. Basi chukua hizo Nm 250 kwenye mizunguko 2,800: hesabu inakupa takribani farasi 100. Torki hiyohiyo kwenye mizunguko 5,000 inakupa farasi 178. Yaani mshale ukiwa kwenye 2,800 unatumia zaidi ya nusu kidogo ya gari uliyoilipia ushuru. Nguvu nyingine zimekaa juu huko zinakungoja, na hazishuki kukufuata.

Sasa kwa nini torki inalala sawasawa hivyo badala ya kupanda na kushuka kama mgongo wa ngamia? Supachaja ya injini hii ni ya ukoo wa Roots, jina la ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya mashine ya kupuliza hewa mwaka 1860, kabla hata gari halijabuniwa. Ndani kuna rota mbili zinazozunguka zikiwa zimekaribiana bila kugusana. Kila mzunguko zinabeba kiasi kilekile cha hewa na kukisukuma upande wa injini. Zinaendeshwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, yaani ule mhimili wa injini, kwa hiyo injini ikiongeza mwendo na rota zinaongeza kwa uwiano uleule. Injini inataka hewa mara mbili zaidi, supachaja inaleta mara mbili zaidi. Shinikizo la hewa linabaki karibu lilelile, kila pistoni inashiba kiasi kilekile, na torki inakuwa tambarare.

Matokeo yake kwenye mguu ni haya: hakuna teke. Waliozoea turbo husubiri lile teke la mgongoni, lisipokuja wanasema gari imelala. Kompressor haipigi teke. Ukikanyaga inaitika papo hapo, kidogo, halafu kadiri mshale unavyopanda ndivyo inavyozidi kuvuta, bila kuonyesha mahali ilipobadilika. Unaangalia spidi unakuta umevuka ulipotaka kuishia. Mara ya kwanza kuielewa ilikuwa kwenye ile tambarare baada ya Chalinze, nyuma ya semi mbili zilizofuatana. Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gia ya tano, mshale chini kidogo ya 2,000. Nikakanyaga mpaka sakafuni. Giaboksi ikawaza kidogo, ikashusha hadi ya tatu, mshale ukaruka juu ya 3,000, na kutoka hapo gari ikaondoka kwa mvuto usiokatika. Semi zote mbili zikabaki nyuma, na bado injini ilikuwa haijafika 5,000.

Fundi ninayempelekea gari aliniambia jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha gari: "Bosi, hii haitaki kubembelezwa. Wewe ukishaona oili imepata moto, ipandishe tu." Ni maneno ya gereji, lakini yanakubaliana na namba.

Mjomba wangu ana Prado ya dizeli, ile ya lita 3.0 yenye injini ya 1KD. Tulibadilishana magari siku moja tukienda msibani Mafinga. Yeye alikuwa anaendesha C200 kama anavyoendesha Prado, anakanyaga robo, anangoja, anakanyaga tena robo. Tulipotulia kula akaniambia, "Mjomba, gari yako nzuri ila haina kifua." Nilimwelewa. Dizeli yake inampa Nm 410 kuanzia mizunguko 1,600 mpaka 2,800, kisha farasi wake 173 wanakuwa wametimia kwenye 3,400. Yaani pale Prado inapomaliza hadithi yake, C200 ndiyo kwanza inafungua kinywa. Mguu uliofundishwa na dizeli unaondoka kwenye pedali kwenye mizunguko 3,000 kwa mazoea, ukisikia sauti inapanda unadhani unaiumiza injini. Nilimwomba arudi akiwa ameiweka gia kwenye S, yaani sport, na asiogope sauti. Aliporudi hakusema kitu kuhusu kifua, alisema tu kwamba inakula mafuta. Hilo nalo ni kweli, nitalifikia.

Kitonga ndipo ninapopata somo lote kwa mara moja, zuri na baya. Zuri ni kwamba ukiwa nyuma ya lori linalotambaa, na sehemu ikakuruhusu kupita, huna haja ya kuiombea injini. Inashuka gia mpaka ya pili au hata ya kwanza, na kwa kuwa supachaja imefungwa kwenye krenki, hewa iko tayari saa hiyohiyo. Turbo inaendeshwa na moshi unaotoka, kwa hiyo ikiwa injini ilikuwa inatembea polepole, kuna sekunde ya kusubiri moshi uwe mwingi wa kuliamsha pangaboi lake. Sekunde hiyo, kwenye kona ya Kitonga, mbele kukiwa na basi linateremka, ni ndefu mno.

Baya ni joto. Hewa ikisukumwa kwa nguvu inapata moto, na supachaja ya Roots ina sifa ya kuipasha zaidi kuliko aina nyingine. M271 ina kipoza hewa mbele ya gari, lakini kipoza hicho kinategemea upepo. Ukipanda kwa mwendo wa miguu nyuma ya semi, jua la Ruaha Mbuyuni bado liko kwenye bati, hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa ya moto na kompyuta ya injini inarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi ili kuilinda. Unaihisi: mguu uleule, jibu pungufu. Ukipata uwazi na upepo ukaanza kupita, baada ya muda mfupi inarudi kuwa ilivyokuwa.

Halafu kuna urefu wa nchi. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya ni juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 au zaidi ukilinganisha na Dar. Gari isiyo na supachaja wala turbo inapoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Turbo ina ujanja wake: kompyuta inaweza kuiacha izunguke zaidi ili kufidia. Supachaja imefungwa na mkanda, uwiano wake wa puli haubadiliki, kwa hiyo inazidisha hewa iliyopo, na ikiwa iliyopo ni nyepesi, inazidisha nyepesi. C200 yangu Mbeya si ileile ya Dar. Haijawa mbaya, ila lile eneo la chini ya 2,500 linazidi kuwa tupu, na unalazimika kuishi juu zaidi kwenye mshale. Anayeishi Njombe au Makambako na anataka gari ya aina hii, alifikirie hilo kabla ya kuagiza.

Je, nguvu inapanda bila kikomo? Hapana, na hapa supachaja inalipa deni lake. Rota hazizungushwi bure, zinazungushwa na injini yenyewe, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo zinavyokula nguvu zaidi. Kiwandani wanasema Nm 250 zinakoma kwenye 5,000. Ukirudi kwenye hesabu, farasi 184 kwenye 5,500 ni sawa na Nm 234 hivi, maana yake mteremko umeshaanza. Kuanzia hapo unaongeza kelele kuliko mwendo. Nimezoea kuiacha ipande mpaka karibu 5,500 kisha ibadilishe, kung'ang'ania zaidi ya hapo hakunipi kitu. Na ukiwa unatembea kwa utulivu, supachaja haikusumbui: kuna kilango kinachofunguka na kuirudisha hewa ilikotoka, rota zinazunguka karibu bure.

Nisichanganye aina. Hizi tabia ninazozisema ni za supachaja inayobeba kiasi maalumu cha hewa kila mzunguko. Ipo nyingine inayotumia pangaboi kama la turbo, ila linazungushwa na mkanda au gia. Hiyo shinikizo lake hupanda kwa mraba wa mwendo: mizunguko ikiongezeka mara mbili, shinikizo linaelekea mara nne. Chini huwa kama haipo, juu inalipuka. Pikipiki ya Kawasaki Ninja H2 imejengwa hivyo, pangaboi lake linazunguka zaidi ya mara tisa kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, na farasi wake 200 walikuwa wakipatikana kwenye mizunguko 11,000. Mtu akikuambia "supachaja ni ya resi za chini" na mwingine akakuambia "ni ya resi za juu", huenda wote wanasema kweli, kila mmoja na mashine yake.

Mercedes wenyewe wameanza na vitu hivi zamani. Magari yao ya kwanza ya barabarani yenye kompresa yalionyeshwa Berlin mwaka 1921, na zile za michezo za mwishoni mwa miaka ya 1920, kama SSK, kompresa ilikuwa inaunganishwa tu pale dereva alipoikandamiza pedali mpaka mwisho. Kwenye M271 hakuna kuunganisha wala kutenganisha, mkanda uko kazini muda wote. Lakini ile tabia ya babu bado naiona: gari ina nafsi mbili, na ya pili haitoki mpaka mguu umeiita kwa makusudi.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama ningechukua C200 CGI iliyokuja baadaye, ile ambayo supachaja ilitolewa ikawekwa turbo. Cc zilezile, farasi walewale 184, ila torki ni Nm 270 na inapatikana kuanzia mizunguko 1,800 hadi 4,600. Nimeiendesha ya rafiki. Kwa karatasi turbo imeshinda, na kwenye foleni ya Ubungo imeshinda pia, kwa sababu nguvu iko pale pale unapoishi kila siku. Mafuta nayo inakunywa kidogo kuliko Kompressor. Ila nikiwa nimeshashika barabara kuu na ninataka kupima kiasi kamili cha kukanyaga, mfano kutoka kwenye kona yenye mchanga, mguu wangu unaiamini Kompressor. Unachoomba ndicho unachopata, hakuna kinachokuja kwa kuchelewa halafu kikaja kingi. Hilo huwezi kuliona kwenye jedwali.

Kuhusu giaboksi: ni ya gia tano otomatiki, ile ya zamani ya Mercedes, imara lakini si ya haraka. Kwa injini inayotaka mizunguko, giaboksi inayosita ni shida. Dawa yake ni kusukuma kiwiko cha gia kushoto kabla ya kuanza kupita, ushuke mwenyewe hadi ya tatu, mshale ukae kwenye 3,000 ukingoja nafasi. Nafasi ikija hakuna kuwaza, unakanyaga na gari iko tayari. Ukiiachia otomatiki iamue, kuna nusu sekunde inapotea.

Mafuta sasa. Safarini nikiwa mtulivu napata kama kilomita 11 kwa lita. Nikiitumia kama ninavyoeleza hapa, tisa. Mjini kwenye foleni inashuka hadi saba na sina la kufanya. Kitabu kinadai petroli ya oktani 95, na kwa injini inayosukumiwa hewa ya moto hiyo si mapambo. Mafuta hafifu utayasikia kwenye mvuto kabla hujayasikia kwenye sauti.

Kwa anayetaka kununua, injini za M271 zina ugonjwa unaojulikana na kila fundi wa Mercedes: cheni ya taimingi hurefuka, na magurudumu ya meno ya kamshafti huliwa. Iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa, boneti ikiwa wazi. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa sekunde chache kisha ukanyamaza, weka bei ya cheni na vifaa vyake mezani kabla hujazungumza bei ya gari, au ondoka. Angalia na mipira ya kupumulia injini iliyo chini ya supachaja, kwa umri wa magari haya inakuwa migumu na kupasuka, injini inaanza kutetemeka ikinguruma bila kukanyagwa na nguvu ya juu inapotea kabisa. Ni spea ya bei ndogo, lakini kuifikia ni kazi ya mchana mzima. Mkanda unaozungusha supachaja na tenshena yake usiuonee huruma: ukianza kuteleza, unaanza kuteleza huko juu kwenye 4,500, mahali ambapo mnunuzi anayejaribu gari mtaani hatafika. Kwa hiyo jaribu barabara kuu, si mtaani, na hakikisha umeipandisha angalau mara moja mpaka 5,500 injini ikiwa na moto.

Usichanganye pia C200 na C180 Kompressor. Zinafanana nje, na beji za nyuma zinauzwa Kariakoo kama vitufe vya shati. C180 ina farasi 156 kwenye mizunguko 5,200, na torki yake ya Nm 230 inakoma kwenye 4,200. Chini ya 3,000 utapata tabu kuzitofautisha. Juu ya 4,000 ndipo C180 inaanza kuchoka wakati C200 bado ina mizunguko mia kadhaa ya kuvuta. Kama maisha yako ni Mikocheni, kazini na kanisani, chukua C180 na pesa iliyobaki ubadilishe cheni. Kama unapanda Kitonga, lipia 200.